Lengelenge Moja Zima

Asubuhi ile Chachu alikuta kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Vikombe vingine vya nyumba vilikuwa juu ya kabati, midomo chini, vimepangana kama ndugu. Chake kilisimama peke yake dirishani, ubavuni mwa sabuni ya kufulia.

"Nani kafunga huu uzi?" aliuliza.

Kapteni, mume wa binti wa shangazi, alikuwa anatafuna mkate kwa mashavu yote mawili. Alitazama dari. Mke wa Chachu alitazama sakafu. Shangazi peke yake ndiye aliyemkabili usoni, penseli yake sikioni kama kawaida.

"Mimi," alisema. "Ili kila mtu ajue chake. Mtu kujua chake kuna ubaya gani?"

"Tangu lini nyumba hii ikawa na cha huyu na cha yule?"

"Tangu mwili wako ulipoanza kutoka maji, mwanangu."

Kapteni alicheka puani. Chachu alihisi damu inampanda. Marehemu baba yake ndiye aliyempa jina hilo la Chachu, kwa kuwa tangu utotoni hasira zake zilikuwa zikiumuka kabla maji hayajapata moto. Lakini siku hiyo alijizuia. Alichukua kikombe chenye uzi, akajimiminia chai, akainywa akiwa amesimama. Chai ilikuwa imepoa. Hata hilo aliliweka moyoni.

Bekari ilikuwa ya baba yake. Nyumba ya kuishi ilikuwa nyuma, duka mbele, na katikati ulikuwa ua wenye tanuri. Mzee alipofariki, dada yake, huyo shangazi, alishika duka, na Chachu akashika meza ya kukandia unga. Mikate waliyouza ndiyo waliyokula: asubuhi kwa chai, mchana kwa mchuzi, na jioni yale makombo yaliyokataliwa na wateja. Mtu wa nyumba ile ukimwambia kuna shibe nyingine duniani isiyo ya mkate, angekuona mwongo.

Na ugonjwa wa Chachu ulikuwa na adabu mbaya ya mgeni asiyeaga. Ulianza kwa kuchoma, kama mtu aliyekalia upupu: viwikoni, magotini, makalioni, na kisogoni kwenye mpaka wa nywele. Kisha vilengelenge vidogo vilitoka kwa vikundi, vimejaa maji, vimesongamana kama punje za mtama. Kabla havijaonwa na jicho la mtu, kucha zilikuwa zimekwisha kuvipasua. Vikikauka viliacha madoa meusi kuliko ngozi yake, na mengine ya kijivu. Akipona alishukuru. Kabla shukrani haijakauka mdomoni, vinarudi.

Tabibu wa zahanati alimtazama mara moja tu, akiwa mbali, akasema ni upele. Akaandika dawa ya kupaka, tena apakwe kila mtu anayelala chini ya paa lile. Hapo ndipo moto ulipowaka. Nyumba nzima ilinuka dawa, watoto wakalia macho yanawawasha, na Kapteni akalala juu ya magunia matupu ya unga, matandiko yote yakiwa yamefuliwa. Shangazi pekee ndiye aliyekataa kupakwa.

"Mimi nina upele?" alifoka, akivuta chini mikono mirefu ya gauni lake. Alivaa mikono mirefu siku zote, hata mbele ya tanuri, na mtaa mzima ulimsifia kwa kujisitiri. "Mwenye upele anajulikana. Apakwe yeye, na aliyemwoa."

Dawa ile haikumponya mtu, kwa kuwa hakukuwa na wa kuponywa upele. Kwa Chachu ilichoma tu vile vidonda. Lakini jina lilikuwa limekwisha kubandikwa, na jina baya halitoki kwa sabuni.

*

Mteja wa kwanza kurudisha mkate alikuwa mshonaji wa viatu wa kona ya pili. Aliuweka juu ya kaunta kwa vidole viwili.

"Mama, huu umekandwa na nani?"

"Na mkwe wangu," shangazi alijibu haraka. "Kuanzia leo anakanda mkwe wangu. Yule mwingine nimemtoa."

Chachu alikuwa nyuma ya pazia, mikono ikiwa ndani ya donge hadi kiwikoni. Alisikia ametolewa kabla hajaambiwa. Shangazi aliingia, akatungua aproni ya marehemu kaka yake msumarini, akampa Kapteni.

"Wewe kata kuni," alimwambia Chachu. "Kuni haziambukizwi."

"Shangazi, meza hii kaichonga baba yangu."

"Na njaa itaichonga nani, wateja wakikimbia? Mwisho wa mwezi baba yako mdogo anakuja. Tutakaa kikao. Uhame, mwanangu. Wewe na mkeo na mtoto. Mkatafute chumba, mpone huko mnakojua. Ukipona, rudi."

"Na nisipopona?"

Shangazi aliitoa penseli sikioni, akaiingiza ndani ya mkono wa gauni, akasugua kidogo huku akifikiri, kama alivyozoea wakati wa kupiga hesabu. Akaitoa, akairudisha mahali pake.

"Mungu ni mkubwa," alisema.

Chachu alinawa unga. Maji yalipopita kwenye kiwiko, muwasho ukaamka, naye akajikuna pale pale, mbele ya Kapteni, hadi ngozi ikachuruzika damu.

"Taratibu, kaka," Kapteni alisema, akifunga kamba za aproni kiunoni. "Hiyo ni nyama, si nazi."

Waliokuwa dukani walicheka. Chachu alifuta mikono. Alitoka uani, akachukua shoka, na kila gogo alilolipasua alilipa jina. La kwanza lilikuwa Kapteni. Lile lenye vifundo, lisilokubali kupasuka, lilikuwa shangazi.

Jioni binti yake, Kadogo, alimkimbilia kama kawaida. Akasimama ghafla hatua chache mbele yake, mikono mgongoni.

"Bibi kasema nikusalimie kwa mbali."

"Basi nisalimie."

"Shikamoo baba wa mbali," mtoto alisema, akacheka, akidhani ni mchezo.

Chachu aliitikia marahaba. Kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani kimya, hadi mkewe akaogopa kuliko kama angepiga kelele.

"Nitalipa," alisema mwishowe. "Wallahi nitamlipa, na riba juu."

"Kwanza upone."

"Kupona ni kwako na kwa mtoto. Mimi nataka nimwone anameza maneno yake, moja moja, bila maji."

Mkewe alifunua godoro lao, akatoa bahasha. "Kuna daktari wa ngozi hospitali kuu. Nimeuza kitanda cha wageni."

"Wageni je?"

"Wageni gani watakuja kwa mwenye upele?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Chachu akacheka.

*

Kwao hospitali haikuendwa na uchafu. Marehemu mama yake alikuwa akisema daktari naye ni mgeni, na mgeni haonyeshwi vumbi. Kwa hiyo alfajiri mkewe alichemsha maji, akatia chumvi, akamsugua kwa dodoki toka kisogoni hadi kisiginoni, madoa yote, vidonda vyote. Kisha akampaka mafuta hadi akang'aa kama kiatu kipya. Walikuwa wamefanya vivyo hivyo hata safari ile ya zahanati. Chachu aliumia, lakini alikwenda akiwa nadhifu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, ngozi nyeusi kama yake, miwani imening'inia kifuani. Alimtazama toka juu hadi chini.

"Umependeza. Ukitoka hapa unakwenda harusini?"

"Hapana, daktari."

"Vua shati, bwana harusi."

Alimkagua bila haraka. Aliyagusa madoa, akayabana, akavuta taa. Chachu hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu asiyekuwa mkewe alimgusa bila kukunja pua. Akajifanya anakohoa.

"Yanaanzaje?"

"Yanachoma, kisha yanatoka malengelenge."

"Yako wapi?"

"Nimeyakuna. Na yaliyobaki tumeyasugua leo nikioga."

Daktari aliketi. "Sasa sikiliza. Umeniletea majivu, na mimi natafuta moto. Kila ugonjwa wa kuwasha ukikunwa na kusuguliwa, mwishowe unafanana na mwenzake. Na ngozi zetu hizi hazisemi kwa lugha ya vitabuni. Wengi wetu tulisomea picha za watu weupe, penye ugonjwa panakuwa pekundu, basi mtu anatafuta wekundu. Kwetu pekundu panaweza kuwa zambarau, au kahawia, au kijivu, mtu akapita hapo hapo asione. Ndiyo maana nataka lengelenge lenyewe. Zima. Lenye maji yake. Lisikunwe, lisisuguliwe, lisipakwe mafuta. Likitoka, njoo siku hiyo hiyo au kesho yake."

"Nikizuia nisijikune nitakufa, daktari."

"Hutakufa. Utatukana tu." Alichukua kalamu. "Kazi yako?"

"Nilikuwa nakanda mikate. Bekari ya nyumbani."

Kalamu ilisimama. "Na unaila?"

"Asubuhi, mchana na jioni."

"Hmm." Aliandika kitu. "Endelea kuila kama kawaida mpaka nimalize vipimo. Usipunguze chochote."

Chachu akacheka bila furaha. Katika nyumba ile mkate ndio ulikuwa kitu pekee ambacho hajanyang'anywa bado.

*

Lengelenge lilikuja siku aliyokuwa amekata tamaa, kiwiko cha kushoto, yeye akiwa na mzigo wa kuni begani. Alihisi ule moto anaoujua. Akatua mzigo, akakunja shati. Kikundi kidogo kilikuwa kinachomoza, na moja katikati limevimba, linametameta kama jicho la samaki.

Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe. Kucha zilikuwa zimekwisha kugusa ngozi alipozikumbuka. Akazirudisha. Akaushika mkono wa kulia kwa meno, kabisa, akang'ata hadi ukamwuma kuliko kiwiko.

"Kaka anajila," Kapteni alimtangazia shangazi kutoka mlangoni. "Upele umepanda kichwani."

Chachu alikuwa amepata silaha, na mwenye silaha hapigi kelele. Mkewe alimvika soksi mikononi, akamfungia kitambaa laini, kilegevu, juu ya kiwiko. Hospitali ilikuwa imekwisha kufungwa. Ilibidi asubiri hadi kesho.

Muwasho ulimjia kwa mawimbi. Ulimbembeleza kwanza: kidogo tu, pembeni tu, nani atajua? Kisha ukamtukana. Alizunguka ua, akahesabu matofali ya tanuri, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Hakuna kilichosaidia, hadi alipoanza kumfikiria shangazi. Alilifikiria lile gauni lake la mikono mirefu, ile sauti ya kusema "mwanangu", ule uzi mwekundu. Hapo muwasho ukapoa kama uji uliopulizwa. Akagundua kwamba chuki, ikishikwa vizuri, ni dawa ya kutuliza. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kwa mapigo yale yale aliyokuwa akikandia unga:

*Uzi umefunga wewe, kuufungua ni mimi;*
*Cheka leo uchekewe, kesho nitacheka mimi.*

"Nini kinakuumiza zaidi," mkewe alimwuliza, "kuwashwa au hasira?"

"Kuwashwa kunalala, mke wangu. Hasira haina kitanda."

Asubuhi alikwenda hospitali hajaoga. Ana jasho la kuni, kisogo kina vumbi la magome, shati la jana. Mlangoni alikutana na shangazi.

"Unakwenda kwa watu hivyo? Hata aibu huna?"

"Aibu uliniazima, shangazi. Nitakurudishia."

Daktari alipofungua kitambaa, alivaa miwani yake, akainama. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi, "Ahaa. Karibu, bwana."

Walimtoa damu. Kisha daktari akamchoma ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi. Hakukata kwenye lengelenge. Alikata pembeni yake, kwenye ngozi nzima iliyolizunguka.

"Nimekutunzia hilo lengelenge kama yai," Chachu alilalamika, "halafu unaliacha?"

"Lengelenge limenionyesha nyumba. Ushahidi ninaoutaka mimi unakaa kwa jirani. Penye lengelenge lenyewe moto umekwisha kuuchoma."

*

Majibu yalipotoka, daktari alimketisha na mkewe.

"Tumeiangalia ngozi yako kwa darubini yenye mwanga maalumu. Vidoti viling'aa chini ya ngozi, mahali pake hasa. Na damu imekubaliana. Ni ngano."

"Ngano imefanya nini?"

"Mwili wako unaichukulia kama adui. Vita viko tumboni, moshi wake unatokea ngozini. Kila unapokula mkate, unatia kuni. Mkate, biskuti, kila chenye ngano au shayiri, hapana tena."

Chachu alikaa akiitazama mikono yake. Ngano ilikuwa imemlea, imemsomesha, imemwozesha.

"Hata kuukanda?"

"Ubaya uko kwenye kuula. Lakini pale mezani vumbi la unga linakuingia mdomoni siku nzima. Mimi nisingekaa pale. Nitakupa vidonge vya kuzima muwasho; tulikwisha kupima kama damu yako inavivumilia. Ila dawa hasa ni sahani yako."

"Na ugonjwa huu unaambukiza?" mkewe aliuliza.

"Hata kidogo. Laleni kitanda kimoja, kuleni sahani moja, nyweeni kikombe kimoja."

Chachu aliinua kichwa. "Kikombe?"

"Kikombe."

"Sema tena, daktari. Tafadhali."

Daktari alimtazama kwa makini, akasema tena, polepole. "Kikombe kimoja. Si upele, wala si uchafu. Hutembea na damu ya ukoo. Ndiyo maana nauliza: upande wa baba au wa mama, yuko mwingine anayejikuna hivi?"

Kwanza alimwona baba yake, viwiko vyeusi juu ya meza ya unga, vile ambavyo wote walidhani vimechubuliwa na mbao. Kisha akaona kitu kingine. Aliona penseli inatoka sikioni, inaingia ndani ya mkono mrefu wa gauni, inasugua, inatoka. Asubuhi, mchana, mbele ya wateja, mbele ya tanuri. Miaka yote. Na mtu aliyekataa kuvua nguo apakwe dawa.

Chachu alicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

*

"Usimvue nguo mbele ya watu," mkewe alimwambia njiani. "Ni shangazi yako. Ni dada wa baba yako."

"Yeye alinivua."

"Niahidi hutamgusa."

"Sitamgusa hata kwa ukucha. Na wewe usimwambie mtu."

Zilibaki siku chache kabla ya kikao. Vidonge vilifanya kazi upesi kuliko alivyotegemea. Muwasho ukamtoka kama mpangaji aliyefukuzwa. Akala viazi, akala wali, akalala. Na kila asubuhi, jambo ambalo mkewe alilitazama kwa hofu, alimkatia shangazi mkate kwa mkono wake mwenyewe. Kipande kinene, cha mwanzo, chenye ganda, kile akipendacho.

"Kula, shangazi. Upate nguvu za kikao."

"Umekuwa mpole ghafla," shangazi alisema, akitafuna. "Ndivyo mtu anavyotakiwa kuondoka. Kwa heri, si kwa shari." Na penseli ikaingia mkononi mwa gauni.

Chachu alijua ule upole ulikuwa sumu. Alijua neno moja tu lingetosha, na hakulisema. Aliutazama ule mkate ukishuka kooni kwa shangazi, akasikia utamu ambao baadaye, miaka mingi, hangependa kuulizwa habari zake.

Kikao kilikaliwa uani, kando ya tanuri, kwa kuwa baba mdogo, dereva mstaafu, alikuwa na mgongo uliopenda joto. Kapteni alikuja amevaa aproni ili watu wasisahau. Shangazi alizungumza kwanza, akazungumza vizuri. Alitaja jina la marehemu, alitaja njaa, alitaja wateja. Akamwita Chachu mwanangu mara nyingi kiasi kwamba hata Kapteni aliona haya.

"Nawe, kijana," baba mdogo alisema, "una neno?"

"Ninalo, baba mdogo. Ila nina mambo mengi, naogopa kuyasahau. Shangazi, niazime penseli niyaandike."

Shangazi alisita. Lakini nani anyime penseli mbele ya ukoo? Akaitoa sikioni.

Chachu akaandika neno moja kwenye karatasi ya kufungia mkate. Akaweka penseli mfukoni. Kisha akaanza, na hakuwa na haraka. Alimwamkia baba mdogo. Alimwamkia shangazi. Aliuliza hali ya mgongo. Alisimulia baba yake alivyojenga tanuri lile tofali kwa tofali, na udongo ulitoka wapi, na nani aliuchanganya. Jua lilipanda. Tanuri lilipumua. Alipofika kwenye tofali la dohani, shangazi alibadili mkao. Alipofika kwenye mlango wa tanuri, shangazi alishika kiwiko chake, akakiachia.

"Fupisha," alisema.

"Nafupisha, shangazi. Ndiyo kwanza tunaingia ndani."

Chachu alikuwa anaujua kila mwendo wa muwasho ule. Sasa unabembeleza. Sasa unatukana. Jasho lilimtoka shangazi juu ya mdomo. Mkono wake ulikwenda sikioni kutafuta penseli, ukakuta nywele. Alijaribu kusugua kiwiko kwenye mkono wa kiti, taratibu, kama mtu anayejinyoosha. Kiti kikalia. Akasugua tena, na sasa hakuweza kuacha. Kiti kililia na kulia, uso wake ukakunjamana, na kwenye kitambaa cha gauni pakatokea doa la maji, likapanuka.

"Dada," baba mdogo alisema, "una nini?"

"Sina kitu!"

Chachu aliiacha hadithi ya tanuri. Hakumgusa hata kwa ukucha. Alikaa tu, mikono mapajani, akimtazama kama mtu anayetazama mkate ukiiva.

Shangazi akashindwa. Alipandisha mkono wa gauni mwenyewe, kwa kishindo, hadi begani, akajikuna mbele yao wote kwa kucha zote, akilia kwa raha na kwa fedheha. Kiwiko chake kilikuwa ni kile kile cha Chachu: madoa meusi juu ya madoa ya kijivu, na juu yake vilengelenge vibichi. Kapteni alisogeza kiti chake nyuma. Shangazi alimwona akisogea, na hilo ndilo lililomvunja.

"Tangu kabla hujazaliwa," alisema, macho chini. "Mimi na baba yako. Tuliapa tusimwambie mtu. Nani angenunua mkate kwa watu wenye hivi?" Akafuta pua. "Ulipoanza wewe kuonekana, nikasema watu watakutazama wewe, kisha watanitazama mimi. Nikaona ukiondoka, utaondoka na macho yao."

Chachu aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe chenye uzi mwekundu, chai inafuka. Akamwekea shangazi mikononi.

"Kunywa."

Shangazi aliutazama uzi. Aliwatazama watu. Baba mdogo hakumwokoa.

"Kunywa, shangazi. Hauambukizi. Daktari kasema mara mbili, nilimwomba arudie."

Akanywa. Wote walimsikia akimeza.

Ndipo Chachu akawaeleza: ngano, damu ya ukoo, vidonge, sahani. Aliifunua ile karatasi aliyoandika. Ilikuwa na neno moja: *Mkate.* Baba mdogo aliishika muda mrefu, kisha akavitazama viwiko vyake mwenyewe, kwa siri, akashusha pumzi.

"Kikao kimekwisha," alisema. "Hakuna anayehama. Kesho utampeleka shangazi yako kwa huyo daktari."

"Nitampeleka. Ila asioge kwa dodoki, asijipake mafuta, na mkate aendelee kula hadi apimwe. Na asijikune. Daktari anataka lengelenge moja zima." Akamgeukia Kapteni, aliyekuwa anafungua aproni taratibu. "Usivue. Meza ya unga ni yako, mimi nimekatazwa vumbi. Nitakaa mbele, kwenye kaunta."

Shangazi alinyoosha mkono. "Basi nipe penseli yangu."

Chachu aliitoa mfukoni. Akaitazama, ncha yake butu, mbao yake iliyoliwa rangi kwa miaka ya kusugua. Akaichomeka nyuma ya sikio lake.

Mtu aligonga dukani, anataka mikate. Chachu alikwenda kumhudumia. Nyuma yake kiti cha shangazi kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Hakugeuka.

"Mingapi?" alimwuliza mteja.